Viatu vya Kupandia Mnara

Mimi husoma soli. Wengine husoma magazeti, wengine husoma viganja vya watu wakajipatia riziki, lakini mimi nipe kiatu chako cha zamani nikigeuze juu chini, na kabla hujamaliza kunisalimia nitakuwa nimejua kama unatembea kwa haraka, kama mguu mmoja una kinyongo na mwenzake, na kama uliyoniambia kuhusu kiatu hicho ni ya kweli. Kazi hii nimeifanya miaka kumi na saba katika duka lile lile, na sioni haya kusema kwamba mtaani kwetu hakuna anayenishinda. Kama yupo, aje na kiatu chake.

Duka lenyewe ni chumba kirefu chenye rafu pande mbili, kioo cha kusimama, viti vitatu vya kujaribia, na zulia la kijivu lililotandikwa ukuta hadi ukuta. Zulia ndilo sheria. Tajiri wetu hataki kiatu kipya kikanyage kitu kingine chochote mpaka kiwe kimenunuliwa, na akiona mteja anasogea kizingitini na kiatu mguuni, moyo unamruka. Sisi wafanyakazi tumempa jina la Mzee Zulia. Analijua, na nadhani analipenda.

Sheria yangu mimi ni nyingine. Mtu akija kutafuta viatu vya safari, vya kutembelea mchana kutwa kwenye jua la kiangazi, simvishi kitu mpaka aniletee vile vya safari iliyopita. Kiatu kilichochakaa ndicho kinachonionyesha kipya kiwe cha namna gani. Wateja wapya hunung'unika, wa zamani huja na mifuko yao bila kuambiwa. Na mtu aliyeijua sheria hiyo kuliko wote alikuwa mama mkwe wangu.

Mama mkwe alikuwa mpeleka barua. Miaka thelathini na mmoja alitembea mitaa na kupanda ghorofa za watu, mkoba wa ngozi umening'inia bega la kulia, mwili umeegemea kushoto kidogo ili kusawazisha mzigo. Amestaafu miaka minne sasa na bado anatembea hivyo hivyo. Mkoba umeshushwa, ila mwili haujapata barua. Kwa hiyo viatu vyake vyote huliwa mahali pamoja: kisigino cha kushoto, ukingo wa nje. Nimeviona vya kutosha, maana tangu niolewe na mwanawe miaka kumi na miwili iliyopita, viatu vyake vyote nimevichagua mimi.

Kiangazi cha mwaka jana chama chao cha wastaafu kilifunga safari ya siku kumi, kwenda mji mmoja wa zamani wenye vichochoro vya mawe na mnara mrefu juu ya kilima. Alikuja dukani asubuhi, siku ya baridi baridi, duka limejaa watu. Alikaa kitini akanyoosha miguu. Sikumpima. Nilikuwa nimefika kiwango cha kujisifu mbele ya wateja kwamba mimi sipimi miguu, mimi naitazama tu. Nikaitazama, nikatangaza thelathini na nane, nikamletea viatu vya rangi ya maziwa, kifungo cha shaba ubavuni, soli nyembamba. Vilikuwa vizuri, hilo silikani hata leo. Mama alisimama juu ya zulia, akapiga hatua nne, akaniangalia usoni, akasema, "Umenipatia, mwanangu."

Aliporudi safarini alitusimulia mimi na mume wangu mpaka chai ikapoa. Alitueleza upepo wa kule juu ya mnara, unaomfanya mtu ashike kofia kwa mikono miwili. Alitueleza mapaa ya mji yanavyoonekana kutoka juu, na mlinzi wa mnara mwenye meno mawili ya dhahabu anayemhesabia kila mtu ngazi. Picha zake mwenyewe hazikuwapo. Alisema yeye ndiye aliyekuwa akiwapiga picha wenzake.

"Na viatu, Mama?"

"Salama kabisa. Sikupata hata mchubuko."

Basi nikapata wimbo. Viatu vya aina ile nikaviweka rafu ya mbele, na kila aliyevishika nilimwambia, "Mama mkwe wangu, miaka sitini na minne, ametembea navyo siku kumi juu ya mawe." Wahenga walisema chema chajiuza, lakini mimi nilikisaidia. Fundi cherehani wa jengo la jirani alinunua jozi, na baada ya wiki moja akarudi anachechemea. Nikampandishia sauti mbele ya watu: mama mtu mzima kapanda mnara navyo, wewe umekwenda sokoni tu na kurudi unalia? Akaondoka vile vile anachechemea.

Mwaka huu kiangazi kilipokaribia, Mama alikuja kwetu Jumapili, akawa ananisaidia kukunja nguo zilizoanuliwa.

"Wenzangu wanarudi kule kwenye mnara," akasema. "Waliokosa mwaka jana wamelalamika sana, chama kimekubali kurudia. Mwakani wanakwenda kwingine, na kule hawarudi tena."

"Na wewe unarudi? Si ulishauona?"

Alikunja shati la mwanawe, akalikunjua, akalikunja upya. "Nimeupenda."

"Haya, njoo dukani nikupe vipya. Ila uje na vile vya mwaka jana."

Hapo akapaliwa na mate.

Mara ya kwanza alikuja mikono mitupu, akasema amevisahau. Mara ya pili vilikuwa kabatini na ufunguo wa kabati hauonekani. Mara ya tatu alisema amemwazima jirani, na jirani huyo namjua, mguu wake ukitia kidole gumba ndani ya thelathini na nane kiatu kimejaa. Nikaanza kupandwa na mori. Nilimwambia safari imebaki siku tisa, na bila viatu vya zamani sichagui kitu, awe mama mkwe, awe rais. Mume wangu alinisihi nimwache mama yake. Nikamwambia yeye akafundishe wanafunzi wake jiografia, mambo ya viatu aniachie mimi.

Alhamisi, saa tisa alasiri, Mama aliingia na mfuko wa karatasi. Duka lilikuwa halina mteja. Akavitoa viatu akaviweka juu ya kaunta, kisha akarudi nyuma hatua mbili, jambo ambalo si kawaida yake.

Nilivigeuza. Soli zilikuwa zimechakaa kweli, tena sana. Zilikuwa zimechakaa kuanzia nchani hadi kisiginoni, kushoto na kulia, sawasawa kabisa, utadhani zimepigwa randa. Hakuna binadamu anayetembea sawasawa, na huyu kuliko wote. Ule ukingo wa nje wa kisigino cha kushoto, ambao ungekuwa umeliwa kabla ya kitu kingine chochote, ulikuwa umepungua kiasi kile kile cha penginepo. Nikapitisha kidole. Soli iliyotembea hulainika, lakini hizi zilikuwa na mikwaruzo, yote imeelekea upande mmoja. Kwenye mshono kulikuwa na vumbi la saruji. Ndani ya kiatu, pale kisigino kinapokaa, palikuwa na doa la kahawia lililosuguliwa kwa sabuni likakataa kutoka.

"Mama, viatu hivi vimetembea wapi?"

"Si unapajua."

"Vimetembea kwenye kibaraza cha uani kwako. Tena kwa mkono. Umevisugua!"

Mzee Zulia, aliyekuwa akipanga maboksi, alikumbuka ghafla kwamba ana kazi stoo.

Ningependa kusema kwamba nilikuwa mpole. Sikuwa. Nilivipiga vile viatu juu ya kaunta nikasema njia ya mwongo ni fupi, nikasema mwaka mzima nimesimama hapa nikiimba sifa za viatu ambavyo hata hajavivaa, nikasema na mengine ambayo mkamwana hapaswi kumwambia mama mkwe wake. Aliniacha nimalize. Mtu aliyefukuzwa na mbwa wa kila mtaa kwa miaka thelathini na mmoja hashtuki na kelele.

"Nilivivaa," akasema. "Siku ya kwanza vilinibana, nikajua vitalegea. Siku ya pili, hata saa sita haijafika, visigino vyote viwili vilikuwa vimebaki nyama. Kiongozi wetu ana sheria yake: asiyeweza kwenda na wenzake anabaki kwenye basi na mizigo. Nikabaki."

"Siku ngapi?"

"Zilizobaki."

"Siku nane, Mama?"

"Dereva alikuwa mtu mwema. Amenifundisha karata."

"Na mnara?"

"Niliuona dirishani. Sehemu ya juu tu, huku chini kulizibwa na bango."

Nikamuuliza kuhusu upepo, kofia, mlinzi mwenye meno ya dhahabu. Akainua mabega. "Jioni wenzangu wakirudi wananisimulia, na mimi nikawaletea nyinyi. Maisha yangu yote nimebeba habari za watu, mwanangu. Mkoba mmoja zaidi ungenishinda?"

"Lakini kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie ili iweje? Siku ile duka zima lilikuwa linakutazama, ukasema wewe hupimi, unaona kwa macho. Ulikuwa unafurahi mpaka nikafurahi mimi. Nikaona kisigino kitapona, lakini nikikuvunja moyo kwenye kazi yako sijui utapona lini. Kisha ukasema nilete viatu. Wewe unasoma soli. Ningefanya nini? Nilikaa kibarazani siku mbili nikisugua, mkono mpaka ukafa ganzi."

Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Miaka yote hii wanawake wamekaa kwenye viti hivi wakanisimulia mama wakwe zao, wanaopima chumvi ya mchuzi na kukagua vumbi juu ya kabati, na mimi nikawa nawapa pole. Wangu alikuwa amekaa siku nane ndani ya basi lenye joto ili mimi niendelee kujisifu. Niliona aibu hadi masikio yakapata moto. Na nilimpenda, niseme tu wazi, nilimpenda siku ile kuliko siku zote za miaka kumi na miwili niliyomjua.

"Ungeweza kuacha kurudi," nikasema. "Kwa nini mnara huu huu?"

Alivuta kiti cha pili akakaa karibu yangu.

"Kwenye njia yangu kulikuwa na nyumba moja, binti yao alikuwa anasoma mji ule. Kila mwezi anatuma kadi yenye picha ya mnara. Sasa kadi haina bahasha. Upande wa maneno sijawahi kusoma hata herufi moja, ule ni wa mwenyewe. Ila upande wa picha nilijihalalishia. Chini ya picha imeandikwa: ngazi mia tatu na kumi na mbili. Basi nikipanda ghorofa za watu nahesabu, leo nimepanda mia, leo mia mbili. Nikajiambia siku moja nitazipanda zile zenyewe, mikono mitupu, simpelekei mtu kitu."

Aliitazama miguu yake, iliyokuwa ndani ya viatu vyake vya kila siku, vyeusi.

"Na safari hii usinipe vyeusi. Wala usinipe vya hospitali. Nimevaa viatu vya serikali miaka thelathini na mmoja, hakuna mtu aliyewahi kuitazama miguu yangu ila mbwa. Nataka vya kunifikisha juu, na nikifika juu nipendeze. Sitaki kusimama kwenye mnara kama niliyeleta barua."

Niliinuka nikaenda kuchukua ubao wa kupimia miguu. Ulikuwa chini ya kaunta, una vumbi. Nikaufuta kwa kitambaa, nikampigia magoti mama mkwe wangu, nikamwambia asimame.

"Nisimame tena?"

"Mguu wa kukaa si mguu wa kutembea. Hilo nalijua siku zote, nilijitia kulisahau."

Nilimtundika mkoba wangu begani, upande ule ule wa kulia, nikaujaza makopo ya dawa ya viatu mpaka bega lake likaukumbuka mzigo. Mguu wa kulia ulisoma thelathini na tisa. Wa kushoto, uliobeba barua za mji huu miaka yote hiyo, ulisoma thelathini na tisa na nusu, na kwa joto la alasiri ile ulikuwa unainyemelea arobaini. Mimi nilikuwa nimemvisha thelathini na nane. Kwa macho.

"Hivyo je?" aliuliza, kidole kimeelekea rafu ya juu. Vilikuwa viatu vya wazi vya dhahabu, gidamu nyembamba, vinameremeta.

"Hivyo ni vya kukaa, Mama. Ukitembea navyo zaidi ya kutoka mlangoni hadi kwenye gari, vinakusaliti."

"Lakini ni vizuri."

"Vizuri sana. Hata vya mwaka jana vilikuwa vizuri."

Akacheka, na kicheko chake kikaniondolea jiwe kifuani. Nikamletea jozi nyingine, pana, laini, soli nene, rangi ya majivu, vile ambavyo wauguzi wananunua wakiwa na zamu ndefu. Akavivaa akazunguka zulia lote. Kisha akasimama mbele ya kioo.

"Miguu inashukuru," akasema. "Ila macho yanauliza nani mgonjwa."

Niliingia stoo. Mzee Zulia alikuwa amesimama nyuma ya mlango ameshika boksi tupu, na kwa jinsi macho yake yalivyokuwa mekundu nilijua ukuta wa stoo ni mwembamba kuliko nilivyodhani. Nilipekua rafu ya chini, mzigo uliofika wiki ile ambao sikuwa nimeupanga, na huko nikavipata. Ngozi laini, rangi ya damu ya mzee. Pembeni vilitobolewa vitundu vidogo vidogo vya kupitisha hewa, vilivyopangwa vikafanya ua. Mbele ni pa mviringo, vidole vina pa kupumulia. Kamba za kufunga, kwa hiyo asubuhi unavikaza na jua likipanda unavilegeza. Soli ya mpira yenye unene wa vidole viwili, unaikunja ikakubali pale mguu unapokunjika, na penginepo haikubali.

Nilimvisha na soksi za pamba, nikafunga kamba mwenyewe. Alikwenda kwenye kioo. Aligeuka ubavu, akainua upindo wa gauni kidogo, akatabasamu. Tabasamu lile hakunipa mimi, alikipa kioo.

"Vinanipendeza?" akauliza.

Miaka kumi na miwili, na sijawahi kumsikia akiuliza swali hilo kuhusu kitu chochote. "Mama, ukipita navyo njiani watu watauliza ni nani huyo," nikamjibu, na haikuwa kilemba cha ukoka. Alikuwa amependeza hasa.

"Basi nimevichukua."

"Bado. Hapa uko juu ya zulia, na zulia ni mwongo kutushinda sisi wote wawili. Twende tukavitembeze nje."

Kusikia neno nje, Mzee Zulia akachomoka stoo. "Kiatu kikitoka kwenye zulia kimeuzwa!"

"Kimeuzwa vipi na mwenyewe hajakubali?" Mama akamwuliza kwa upole. "Barua haijafika mpaka ipokelewe."

Mzee Zulia akavitazama vile viatu vya rangi ya maziwa, vilivyokuwa bado vimelala kaunta soli juu. Kisha akaitazama dari.

"Ngazi za nyuma ziko ndani ya jengo," akasema. "Mimi nina maboksi ya kupanga, sijamwona mtu."

Ngazi za nyuma zinaanzia stoo kwetu na kupanda ghorofa nne hadi juu ya paa. Ni za saruji tupu, kingo zimemeguka, na hutumiwa na wabeba mizigo peke yao. Mama alianza kupanda na mkoba begani, mimi nyuma yake. Hakushika ukuta. Aliweka unyayo wote juu ya ngazi, hakupanda kwa ncha za vidole kama sisi wengine tunaoharakisha, na alivuta pumzi kwa pua. Kila tulipofika ghorofa alisita kidogo mbele ya mlango, mkono ukigusa mkoba, kisha akaendelea. Nadhani hakujua kwamba anafanya hivyo.

"Sabini na nane," akasema tulipofika juu. Mimi nilikuwa nimeshika kiuno. Macho yake yakang'aa. "Sabini na nane mara nne ni ngapi?"

"Mama, tafadhali."

"Ni mia tatu na kumi na mbili!"

Tukashuka, tukapanda. Mara ya pili nilikuwa bado na la kusema. Mara ya tatu nilikuwa nasikia moyo wangu masikioni. Mara ya nne niliishia ghorofa ya pili, nikakaa kwenye ngazi, mimi wa miaka arobaini na mmoja, nikamsikiliza anavyohesabu juu ya kichwa changu kwa sauti ile ile, bila kukatika. Nimeona watu wengi wakitembea, ndiyo kazi yangu. Sijaona anayetembea kama yeye. Kila hatua aliikamilisha kabla ya kuanza nyingine, na hakuna hata moja aliyoipoteza.

Alipofika mia tatu na kumi na mbili alishuka mpaka nilipo, akakaa, akavua kiatu cha kushoto na soksi. Tuliinama wote wawili. Kisigino kilikuwa na kovu la mwaka jana, jeupe, refu kama kucha yangu. Nilikishika mkononi nikakigeuza huku na huku kwenye mwanga wa dirisha. Hapakuwa na wekundu. Cha kulia kiliteleza kidogo, maana mguu ule ni mdogo kwa nusu namba, nikamwambia nitamtilia kipande cha soli ya ndani. Na nikamwamuru avivae nyumbani kila siku mpaka siku ya kuondoka, akifagia, akipika, akienda dukani, kwa sababu kiatu kipya hakianzii safarini.

"Sawa, fundi," akasema.

Baada ya yeye kuondoka niliviondoa viatu vya rangi ya maziwa kwenye rafu ya mbele, nikavipandisha juu na vile vya dhahabu, pamoja na viatu vya kukaa. Kesho yake nilipanda kwa fundi cherehani wa jengo la jirani, nikasimama mbele ya mashine yake, nikamweleza yote, nikamwomba radhi, nikampima. Alinisikiliza huku akitunga uzi kwenye sindano. "Nilishangaa mimi," akasema. "Nikajua labda mama mkwe wako ana kwato."

Siku kumi za safari yake zilikuwa ndefu. Mama alikataza tusimpigie simu, akasema habari zake safari hii atazileta mwenyewe, mkononi. Jua lilikuwa kali kuliko mwaka jana. Kila mteja aliyelalamika joto limevimbisha miguu, niliiona miguu ya Mama. Nilijiuliza kama nilikaza kamba sana, kama ile soli ya ndani itajikunja, kama yuko juu ya mawe au ameketi tena na dereva anagawa karata. Mume wangu alisema nimekonda. Nikamwambia anyamaze.

Alirudi Jumanne. Duka lilikuwa limejaa, watu wamesimama wakisubiri viti, maana ni msimu wa safari. Aliingia na kandambili miguuni, ameungua uso na jua, ameshika mfuko ule ule wa karatasi. Watu walimpisha bila kujua kwa nini wanampisha. Akavitoa viatu vyake vya damu ya mzee, akaviweka mbele yangu juu ya kaunta, soli juu.

"Soma," akasema.

Nilikuwa na kiatu cha mteja mkononi, nikakiweka chini. Kisigino cha kushoto kilikuwa kimeliwa ukingo wa nje, mteremko laini, mteremko wake yeye, ambao ningeutambua gizani. Cha kulia kilikuwa kimelainika chini ya kidole gumba. Mbele, kwenye ncha zote mbili, palikuwa na alama fupi fupi za kugusa ngazi, nyingi sana, na ndani ya mfereji wa soli kulikuwa na chembe ya jiwe la manjano ambalo huku kwetu halipo. Nikaingiza mkono ndani hadi kisiginoni. Palikuwa pakavu na safi.

"Umepanda," nikasema.

"Mara mbili. Ya kwanza nilihesabu. Ya pili nilitazama."

Kisha akatoa mfukoni kadi ya posta. Upande wa picha ulikuwa na mnara, na chini yake ile idadi ya ngazi. Hakuiwekea stempu. Alinikabidhi kwa mikono miwili, picha juu, na nilipoigeuza nisome maneno yeye akageuza uso akatazama rafu, ingawa maneno yale alikuwa ameyaandika mwenyewe. Ilikuwa mistari miwili, kwa herufi zake kubwa za kuandikia risiti. *Mwanangu, nimefika na nimependeza. Sasa unaweza kuwaambia wateja wako, ni kweli.*

Niliinua macho. Duka zima lilikuwa linanitazama, kama siku ile.

"Huyu ni mama mkwe wangu," nikawaambia. "Ana miaka sitini na mitano, na amepanda ngazi mia tatu na kumi na mbili na viatu hivi, mara mbili."

Mwanamke mmoja aliyekuwa kitini akanyoosha miguu mbele yangu. "Basi nitazame na mimi unipe kama hivyo."

"Simama, dada," nikamwambia, nikapiga magoti, nikauvuta ubao. "Mimi sitazami. Mimi napima."